Foleni ya upasuaji wa nyonga na magoti: inavyojengeka na inavyoweza kupunguzwa

Mgonjwa anayehitaji kubadilishiwa nyonga au goti huwekwa katika kundi la wagonjwa wanaoweza kusubiri. Kitabibu mpangilio huo ni sahihi. Kiungo kilichosagika hakiondoi uhai kwa usiku mmoja, tofauti na kichwa kilichopasuka katika ajali au mfupa uliotoboa ngozi. Hata hivyo, kusubiri huko kuna gharama yake. Mkulima asiyeweza kuinama hapalilii, mama lishe asiyeweza kusimama hafungui biashara, na mwalimu anayetembea kwa magongo miaka miwili huchosha hata mguu uliokuwa mzima. Misuli ya paja hunyong'onyea, uzito huongezeka, dawa za maumivu huwa chakula cha kila siku, na siku ya upasuaji inapofika mgonjwa huingia akiwa dhaifu kuliko alivyokuwa siku ya kwanza alipoandikishwa.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu foleni hiyo ni kwamba madaktari bingwa ni wachache na fedha hazitoshi. Yote mawili ni kweli. Lakini hayaelezi kwa nini hospitali mbili zenye idadi sawa ya mabingwa huweza kuwa na foleni zenye urefu tofauti kabisa, wala kwa nini mahali pengine foleni hurefuka hata baada ya bajeti kuongezwa. Ili kupata jibu ni lazima kutazama nje ya kliniki ya nyonga na magoti, kwa sababu foleni hiyo kwa sehemu kubwa huanzia barabarani.

Foleni mbili, chumba kimoja cha upasuaji

Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1996, ndiyo taasisi ya taifa ya rufaa kwa magonjwa na majeraha ya mifupa, pamoja na upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Hospitali za aina hiyo hubeba kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya dharura: majeruhi wa pikipiki, bajaji, mabasi na magari madogo, wanaofika usiku na mchana bila miadi. Ya pili ni ya kupangwa: wagonjwa wa nyonga, magoti, mgongo na ulemavu wa viungo, waliopewa tarehe wiki au miezi kadhaa kabla.

Kazi hizo mbili hutumia watu walewale na vifaa vilevile. Daktari anayeweza kubadilisha nyonga ndiye anayeunga paja lililovunjika. Mtaalamu wa usingizi na ganzi ni yuleyule, chumba cha kutakasa vifaa ni kilekile, na vitanda vya wodi ni vilevile. Majeruhi wanne wakifika Jumapili usiku, orodha ya Jumatatu hubadilika. Mgonjwa wa nyonga ambaye hajala tangu saa 6 usiku, aliyekwisha kuagana na nduguze mlangoni, huambiwa kuwa tarehe imesogezwa. Daktari aliyefanya uamuzi huo hajakosea, kwa kuwa mfupa ulio wazi haungoji. Kasoro ipo katika mfumo unaomlazimisha kuchagua kila wiki.

Namna majeruhi wanavyotibiwa nayo huamua mengi. Mfano ulio wazi zaidi ni kuvunjika kwa mfupa wa paja. Kwa miaka mingi tiba iliyopatikana katika hospitali nyingi ilikuwa kumlaza mgonjwa kitandani, mguu ukivutwa kwa uzito, kwa wiki 6 hadi 12 mpaka mfupa uunge. Njia hiyo haina gharama kubwa ya vifaa, na ndiyo sababu ilidumu, lakini hukalia kitanda. Mgonjwa mmoja anayevutwa mguu kwa wiki 8 hutumia siku 56 za kitanda. Endapo paja hilo lingeungwa kwa chuma kinachopitishwa ndani ya mfupa na mgonjwa akaruhusiwa baada ya siku 5, kitanda hichohicho kingehudumia watu 11 katika muda uleule. Hiyo haijaongeza bingwa hata mmoja.

Kikwazo cha njia hiyo ya pili kilikuwa vifaa. Kwa kawaida chuma cha ndani ya mfupa hufungwa kwa msaada wa mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo ndani ya chumba cha upasuaji, na mashine hiyo ni ghali. Mwaka 1999 lilianzishwa nchini Marekani shirika liitwalo SIGN, ambalo lilibuni vyuma na vifaa vya kupimia vinavyomwezesha daktari kufunga chuma hicho bila kutegemea mashine hiyo. Vyuma hivyo hutolewa kwa hospitali za nchi zenye kipato kidogo, na MOI ni miongoni mwa zilizovitumia kwa miaka mingi. Utaratibu wake una jambo la kujifunza: hospitali huandika taarifa ya kila upasuaji pamoja na picha za eksirei, na kwa taarifa hizo huletewa vyuma vya kujazia vilivyotumika. Kwa maneno mengine, anayehesabu kazi yake ndiye anayepata vifaa vya kuiendeleza.

Uhusiano wa foleni hizi mbili hauishii kwenye vitanda. Jeraha lisilotibiwa ipasavyo leo huwa mgonjwa wa nyonga wa kesho. Shingo ya mfupa wa paja ikivunjika na kukaa wiki kadhaa bila kufungwa, damu inayolisha kichwa cha mfupa hukatika, kichwa hicho hufa na kupondeka, na tiba inayobaki mara nyingi ni nyonga bandia. Nyonga iliyochomoka katika ajali inapaswa kurudishwa mahali pake ndani ya saa chache, kwa kuwa kila saa inayopita huongeza hatari hiyohiyo. Goti lililovunjika na kuachwa lijiunge likiwa limepinda husagika mapema.

Kuna chanzo kingine kisichohusiana na ajali, nacho kina uzito wa pekee nchini. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa seli mundu. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni takriban watoto 11,000 kila mwaka. Seli zilizopinda huziba mishipa midogo ya damu, na kichwa cha mfupa wa paja ni mojawapo ya sehemu zinazoathirika kwa urahisi. Kwa hiyo katika foleni ya nyonga hawapo wazee pekee. Wamo vijana wenye miaka ishirini na kitu, wanaochechemea kwa maumivu wakati wenzao wanaanza kazi. Kwao uamuzi ni mgumu zaidi, kwa sababu kiungo bandia huchakaa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet, uliotumia takwimu za nchi zenye daftari la viungo bandia, ulikadiria kuwa nyonga bandia takriban asilimia 58 na magoti kamili takriban asilimia 82 hudumu miaka 25. Kijana anayebadilishiwa nyonga akiwa na miaka 25 ana uwezekano wa kurudi katika chumba cha upasuaji kabla ya uzee wake, na upasuaji wa kurudia ni mrefu na mgumu kuliko wa kwanza.

Kusubiri kunakohesabiwa na kusikohesabiwa

Chukulia mama mwenye miaka 58 anayelima viazi Makete, mkoani Njombe, aliyeanza kusikia maumivu ya nyonga. Miezi ya kwanza hutumia dawa za kuchua na vidonge vya dukani. Baadaye huenda zahanati, kisha hospitali ya wilaya ambako hupigwa eksirei, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe. Akipewa rufaa ya kwenda Mbeya, husubiri kwanza mavuno ili apate nauli na mtu wa kuacha naye nyumba. Kliniki ya mifupa humpa miadi ya kumwona bingwa. Bingwa anapoamua kuwa nyonga ibadilishwe, husubiri vipimo vya moyo, sukari na damu; husubiri kibali cha bima au familia ichange; husubiri kipandikizi cha saizi yake; na mwisho husubiri nafasi katika chumba cha upasuaji.

Hospitali inayomfanyia upasuaji inaweza kuandika kwamba alisubiri wiki 6, kwa sababu ndizo zilizopita tangu jina lake lilipoingia katika orodha ya upasuaji. Kwake yeye ni miaka miwili. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja ameanza kuhesabu siku yake.

Tofauti hii ndiyo huvuruga mijadala mingi kuhusu foleni, hata katika nchi zilizoendelea. Nchini Uingereza, katika eneo la England, saa huanza kuhesabiwa pale mgonjwa anapopewa rufaa na daktari wa familia, na lengo ni kwamba asilimia 92 ya wanaosubiri wasizidi wiki 18. Nchini Kanada, ambako Desemba 2005 serikali za majimbo na serikali kuu zilitangaza kipimo cha pamoja cha wiki 26 kwa nyonga na magoti, hesabu huanza baada ya mgonjwa kukubaliana na bingwa na kuandikishwa kwa upasuaji. Anayelinganisha wiki 18 na wiki 26 bila kujua hilo atadhani anapima kitu kimoja.

Kwa mazingira ya Tanzania, tarehe yenye maana zaidi kwa mwananchi ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya rufaa ya kwanza. Ikiingizwa katika mfumo wa kielektroniki na kuandamana na mgonjwa kila anapohamishwa, itaonyesha ni hatua ipi iliyomkalisha. Mahali pengine tatizo litaonekana kuwa ni miadi ya bingwa, pengine vipandikizi, pengine kibali cha malipo. Bila tarehe hiyo, lawama zote humwangukia daktari wa mwisho katika mnyororo.

Hesabu ya foleni

Foleni hutawaliwa na hesabu rahisi, na inafaa kuipitia kwa mfano. Tuseme hospitali inaandikisha wagonjwa 5 wapya wa nyonga na magoti kila wiki, na inafanya upasuaji kwa 4. Tofauti ni mtu mmoja tu. Lakini mwaka una wiki 52, na baada ya miaka mitatu orodha itakuwa na watu 156. Anayeandikishwa siku hiyo atasubiri wiki 39.

Hospitali ikiongeza kazi hadi wagonjwa 5 kwa wiki, foleni itaacha kurefuka, lakini haitafupika. Mgonjwa mpya bado atasubiri wiki 31. Ikifikisha 6, orodha itapungua kwa mtu mmoja kila wiki, na itachukua miaka mitatu mingine kuimaliza. Ndiyo maana jitihada za mkupuo hutoa picha nzuri kwa muda mfupi. Kambi ya upasuaji inayohudumia wagonjwa 50 kwa wiki mbili ni neema kwa hao 50 na familia zao, lakini katika mfano huu foleni hurejea mahali pake ndani ya mwaka mmoja, kwa kuwa pengo la kila wiki halijazibwa.

Swali linalofuata ni kutoka 4 hadi 6 hospitali hufikaje. Kuajiri bingwa mwingine ni njia mojawapo, lakini bingwa wa mifupa huchukua miaka mingi kuandaliwa, na akiajiriwa bila mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji na kitanda, atakuwa amepata ofisi tu. Muda uliopo mara nyingi huvuja kwingine. Chumba kinachopaswa kuanza saa 2 asubuhi kikianza saa 3 na nusu, saa moja na nusu hupotea kila siku; kwa siku tano ni saa saba na nusu. Kubadilisha nyonga au goti huchukua takriban saa mbili pamoja na maandalizi, kwa hiyo upotevu huo ni sawa na wagonjwa watatu kwa wiki. Sababu za kuchelewa huwa ndogo kiasi cha kutostahili kuandikwa kwenye ripoti: mashuka hayajaletwa, vifaa havijatoka kutakaswa, mgonjwa hajateremshwa kutoka wodini, matokeo ya kipimo cha damu yako kwenye kompyuta ya idara nyingine.

Kuahirisha upasuaji siku yenyewe ni upotevu mkubwa zaidi, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi saa 3 asubuhi ni vigumu kumpata wa kuijaza. Shinikizo la damu lililopanda, sukari isiyodhibitiwa, jino bovu lenye usaha, kidonda kwenye ngozi karibu na mahali pa kupasua, au damu ya kuongezewa ambayo haijapatikana, yote hayo yangeweza kugunduliwa wiki mbili kabla. Hospitali zenye kliniki ya maandalizi, ambako muuguzi na mtaalamu wa usingizi humwona mgonjwa mapema, hupunguza mshtuko wa asubuhi. Tahadhari ya maambukizi si urasimu: vijidudu vikishikamana na kipandikizi, dawa peke yake mara nyingi haviviondoi, na kipandikizi chenyewe hulazimika kutolewa.

Vipandikizi navyo vina hesabu yake. Hospitali haiwezi kuagiza nyonga moja kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Saizi halisi huthibitishwa wakati mfupa umeshafunguliwa, hivyo daktari huhitaji seti nzima ya saizi mezani. Kununua na kuhifadhi seti zote ni gharama ambayo hospitali nyingi haziwezi kuibeba. Katika nchi nyingi msambazaji huweka seti hospitalini na kulipwa kwa kile tu kilichotumika, utaratibu unaohitaji mkataba ulio wazi na malipo yasiyocheleweshwa. Malipo yakichelewa, msambazaji huondoa masanduku yake, na foleni husimama wakati madaktari wapo na chumba kipo.

Waliojaribu kabla

Wazo la kutenganisha kazi ya dharura na ya kupangwa si geni. Mwaka 2004 kilifunguliwa katika mji wa Epsom, kusini mwa London, kituo kinachofanya upasuaji wa mifupa wa kupangwa peke yake, kwa ushirikiano wa hospitali kadhaa za eneo hilo. Majeruhi hawapelekwi hapo, kwa hiyo hakuna ajali ya usiku inayofuta orodha ya asubuhi. Kituo cha aina hiyo hurudia kazi ileile kila siku, na timu inayorudia kazi ileile huimudu haraka na kwa makosa machache. England imeendelea kuanzisha vituo vya namna hiyo, hasa baada ya janga la UVIKO-19, ambalo lilisimamisha upasuaji wa kupangwa kwa miezi na kuzidisha foleni.

Hata hivyo England yenyewe haipaswi kuchukuliwa kama kielelezo kisicho na dosari. Lengo lake la wiki 18 halijafikiwa kwa takriban muongo mmoja. Septemba 2023 orodha ya kusubiri matibabu ya aina zote ilizidi milioni 7.7, na upasuaji wa mifupa ulikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi. Mpango uliotangazwa Januari 2025 unakusudia kurudi kwenye asilimia 92 ifikapo Machi 2029. Nchi yenye mfumo wa afya wa umma tangu mwaka 1948 imejipa zaidi ya miaka minne kurekebisha jambo hili, na hiyo inatosha kuonyesha kuwa foleni haifutwi kwa tamko.

Jimbo la Alberta nchini Kanada lilijaribu kuanzia mwaka 2005 njia nyingine: rufaa zote za nyonga na magoti ziliingia katika dirisha moja badala ya kila daktari kuwa na orodha yake. Mgonjwa aliyekubali kuhudumiwa na bingwa mwenye nafasi ya karibu hakulazimika kumngoja yule mwenye jina kubwa. Muda wa kusubiri ulishuka sana kwa walioingia katika majaribio hayo. Kwa hospitali za Tanzania, ambako wagonjwa hupendelea kusubiri daktari waliyesikia sifa zake kijijini, orodha ya pamoja ingehitaji maelezo ya kutosha kwa wananchi, lakini haihitaji jengo jipya.

Orodha moja huleta pia faida ambayo haizungumzwi sana, nayo ni imani. Pale ambapo majina yamo katika daftari la mtu mmoja, kila anayetangulizwa huzua minong'ono ya kujuana, hata kama alitangulizwa kwa sababu ya hali yake. Orodha yenye namba, tarehe na daraja la uhitaji, inayoweza kukaguliwa, humlinda mgonjwa na humlinda pia daktari.

Hatua zilizopo nchini

Mwaka 2015 Tume ya The Lancet kuhusu Upasuaji Duniani ilikadiria kuwa watu bilioni 5 hawapati huduma ya upasuaji iliyo salama na wanayoimudu, na mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuingiza upasuaji na huduma za usingizi katika mpango wa afya kwa wote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizotangulia kuandaa mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na huduma za usingizi, wa kipindi cha mwaka 2018 hadi 2025.

Sehemu ya jibu ni kuhamisha kazi kutoka Dar es Salaam. Upasuaji wa kubadilisha viungo hufanyika pia katika hospitali kama KCMC mjini Moshi na Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Muhimu zaidi kwa foleni ni kwamba hospitali za mikoa ziweze kufunga paja na mundi uliovunjika bila kumsafirisha majeruhi kilomita 600. Kila paja linaloungwa mkoani huacha kitanda kimoja wazi katika hospitali ya taifa. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA) kinasaidia katika hilo kwa kuwaandaa mabingwa wakiwa kazini katika hospitali zilizoidhinishwa.

Kambi za madaktari bingwa zinazofika katika hospitali za halmashauri husogeza utaalamu kwa wananchi ambao wasingepata nauli ya kuufuata. Zina thamani nyingine pia: huibua wagonjwa ambao hawakuwa katika orodha yoyote. Kwa hesabu iliyotangulia, hilo hurefusha foleni mwanzoni. Si dalili ya kushindwa, bali ya watu kuanza kuhesabiwa, ili mradi kila aliyegunduliwa aondoke na tarehe na jina la hospitali atakayopokelewa.

Upande wa malipo, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ndiyo msingi wa kumwondolea mgonjwa mzigo wa kuchangisha wakati anaumwa. Kwa upasuaji wa viungo, kitakachoamua ni kile kitakachomo ndani ya kitita cha mafao, hususan gharama ya kipandikizi, ambayo aghalabu huzidi gharama ya upasuaji wenyewe. Bima inayolipia chumba na daktari lakini ikaacha kipandikizi kwa familia itakuwa imehamisha foleni kutoka hospitalini hadi nyumbani, mahali ambapo hakuna anayeihesabu.

Anachoweza kufanya mgonjwa

Si kila goti linalouma linahitaji upasuaji. Kupunguza uzito, mazoezi tiba chini ya mtaalamu na kutumia fimbo mkono wa upande usiouma huweza kumwezesha mgonjwa kuendelea na shughuli kwa miaka. Wanaofaidika na njia hizo wakitambuliwa mapema katika hospitali za wilaya, hawatajaza kliniki ya bingwa. Dawa za maumivu kama diklofenaki zisitumiwe kwa miezi mfululizo bila ushauri, kwa kuwa huweza kuumiza figo na tumbo, na mgonjwa mwenye figo zilizoathirika huahirishiwa upasuaji.

Aliyekwisha kuandikishwa anashauriwa kudhibiti shinikizo la damu na sukari, kutibu meno na vidonda vya ngozi mapema, kuacha sigara, na kuuliza mapema kama ndugu watahitajika kuchangia damu. Namba ya simu ikibadilika, hospitali ijulishwe. Nafasi hupotea kwa sababu tu mgonjwa hakupatikana. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda apelekwe kliniki wiki za mwanzo, ambapo miguu hunyooshwa hatua kwa hatua kwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, kabla hajafikia umri wa kuhitaji upasuaji mkubwa.

Kwa aliyevunjika mfupa, saa za kwanza ndizo zenye thamani. Mguu au mkono uliovunjika ufungwe kwenye kitu kilichonyooka usitikisike, jeraha lililo wazi lifunikwe kwa kitambaa safi bila kusukuma mfupa ndani, na majeruhi apelekwe hospitali siku hiyohiyo ili aanzishiwe dawa za kuua vijidudu. Kukanda kwa maji ya moto na kufunga vipande vya mianzi kwa kubana huweza kuzuia damu kupita, na baadhi ya wagonjwa hufika hospitali wakiwa na kiungo ambacho hakiwezi tena kuokolewa. Kila anayeondoka kliniki na uamuzi wa kufanyiwa upasuaji aombe kuandikiwa mambo matatu kwenye kadi yake: tarehe ya kuandikishwa, aina ya upasuaji, na namba ya simu ya idara atakayoipigia tarehe ikipita bila kuitwa.